Tungule za Bibi na Jicho Langu

Ukivunja jani la tungule ukalifikicha baina ya vidole, hutoka harufu kali yenye uchungu kidogo, na vidole hubaki na rangi ya kijani ambayo sabuni ya mara ya kwanza haiitoi. Wenzetu wengine huziita nyanya. Sisi tuliotoka Unguja twaziita tungule, na kwa umri huu nilio nao sitaki kufundishwa jina jipya. Juzi nilikwenda Hail, hapa Oman, kununua miche ya maua, mkono wangu ukapita juu ya mche wa tungule bila ya kukusudia, na harufu ile ikanirudisha Sib ya miaka ya sitini. Nilijiona nina miaka minane, nimekaa juu ya debe, na nimeipa mgongo miche kumi na moja niliyoambiwa niilinde.

Mtu anayelinda kitu huku amekipa mgongo ana kisa chake, na kisa hicho sijawahi kukisimulia chote, hata kwa wanangu.

Tulifika Sib, pwani ya Oman, baada ya yale yaliyotupata Unguja mwaka wa sitini na nne: mimi, Mama, na Bibi mzaa baba. Baba alikwenda Kuwait kutafuta kazi, tukawa tunampata kwa barua, na kwa likizo moja ya mwaka. Ami Khalfan, binamu yake Baba aliyezaliwa huko huko Sib, alitupa nyumba ya makuti ya mtende pembeni mwa shamba lake, na nyuma ya jiko akatupimia kwa hatua zake kipande cha ardhi. Asubuhi tulikuwa tukiamshwa na kilio cha gurudumu la kisima, ng'ombe wake wakivuta maji, mlio mrefu ambao Mama aliuchukia na mimi niliupenda.

Bibi alikuwa mtu wa kuulizwa. Unguja, mwanamke akitaka kujua kwa nini pilipili zake zimejikunja majani au kwa nini mtoto wake halali, alikuja barazani kwetu. Sib hakuna aliyemuuliza kitu. Kiarabu chake kilikuwa cha kusalia na cha kusomewa barua. Akikitumia sokoni, wanawake walifunika midomo kwa shela zao, na mabega yao tukiyaona yanatikisika. Bibi alirudi nyumbani, akavua viatu kwa hasira, akasema wanawake wa huku hawana adabu. Kisha alikwenda nyuma ya jiko kuangalia tungule zake.

Mbegu alizitoa Unguja, zimefungwa kwenye pembe ya kanga. Vitu vingine vyote vilibaki, hata dhahabu yake, lakini mbegu za tungule zilikuja. Mwaka wa kwanza alizipanda katika mwezi ambao kwetu ndio masika, na jua la Sib likaimaliza miche haijafika hata kifundo cha mguu. Alizopanda zilikuwa nusu. Nusu alizibakisha, kwa sababu Bibi hakuwa mtu wa kumaliza kitu chote siku moja. Mwaka wa pili jirani yetu Bi Raya, mwanamke wa Sib mwenye mbuzi na sauti ya kupiga kelele hata akisema siri, alimwonesha kwa ishara asubiri mpaka joto livunjike. Bibi akasubiri. Akapata miche kumi na moja.

Dawa za dukani hazikuwepo, na hata zingekuwepo Bibi asingezitaka. Aliilisha miche yake kwa samadi ya mbuzi, majivu ya jikoni, na kile alichokiita chakula chenyewe, yaani maji ya samaki. Sib samaki walikuwa wengi kuliko tulivyoweza kula. Bibi alinunua nguru asubuhi, akamkata vipande, akamtia chumvi nyingi kwenye chungu ili awe ng'onda. Siku ya pili chumvi ilikuwa imetoa maji, naye akavisuuza vile vipande na kuvianika juu ya paa. Yale maji ya chungu na ya kusuuzia hayakumwagwa. Yaliingia kwenye ndoo, na jioni yalikwenda kwenye mashina ya tungule, kila mche kata yake. Hivyo ndivyo alivyofanya Unguja miaka arubaini, na tungule zake huko zilijulikana mtaa mzima.

Sasa lazima niseme jambo jingine, la sivyo hamtanielewa. Miezi michache baada ya kufika Sib, Mama alijifungua mtoto wa kiume, na mtoto akafariki siku ya tano. Mimi nilimwona mara moja tu. Nilisogezwa karibu, nikamwangalia, nikasema, "Mzuri!" Basi. Baada ya hapo nyumba ilijaa watu wanaosoma, na hakuna aliyenieleza chochote. Nilikuwa mdogo, na mtoto mdogo usipomweleza kitu, hujieleza mwenyewe.

Tungule zilipotoa matunda ya mwanzo, madogo kama shanga, mimi ndiye niliyeyaona. Nilitoka mbio mpaka ukumbini, Bi Raya na wenzake wawili wamekaa na vikombe vya kahawa, nikapiga kelele, "Tungule zetu zimezaa! Zimezaa zote! Hakuna mtu Sib mwenye tungule kama zetu!"

Bibi nusura amwage kahawa. "Sema mashaallah, wee! Sema haraka!"

Nikasema. Lakini nilisema nimechelewa, na nilijua nimechelewa.

Haukupita muda, kingo za majani zikaanza kuungua, kama karatasi iliyosogezwa karibu na moto. Maua yakadondoka. Yale matunda machache yaliyopata kukua yaliota doa jeusi chini, doa likalainika, likadidimia ndani. Siku hiyo nilikuwa nje ya jiko, na ukuta wa makuti hauzuii neno. Nikamsikia Bibi akimwambia Mama, "Mtoto huyu ana jicho, wallahi. Kasema tu, zimeanza kufa."

Mama alicheka. Mama, tumbo limemfikia kifuani wakati ule, miezi minane, alicheka na kusema, "Mama nawe!" Lakini mimi sikucheka. Nilisimama pale nikihesabu. Tungule nilizisifu, zinakufa. Mtoto nilimwambia mzuri, akafa. Na ndani ya tumbo la Mama alikuwemo mwingine anakuja.

Bibi naye hakukaa kuomboleza. Kwanza alisema ni wadudu, akanyunyiza majivu kila jani mpaka miche ikawa ya kijivu, na wadudu tuliowapata walikuwa wawili, mmoja amekwisha kufa kwa sababu zake mwenyewe. Kisha akasema ni jua, tukasimika makuti ya kivuli. Kisha akawasha ubani kwenye chetezo, akaizunguka miche akisoma, moshi unamwingia machoni, nami nyuma yake nimebeba mkaa na kulia, yeye akidhani ni moshi. Mwisho aliamua kwamba miche ina njaa. Chakula chake kikazidishwa: kata moja ya maji ya samaki ikawa mbili, mbili zikawa tatu. Alinunua nguru hata siku ambazo hatukuwa na haja naye. Paa letu lilikuwa limejaa ng'onda, paka wa Sib nzima wamehamia kwetu, na tungule zinazidi kuungua.

Mbuzi wa Bi Raya, mweusi mwenye sikio lililokatika, akaanza kuingia kupitia uani. Bibi akanipa fimbo na debe la kukalia. "Kaa hapa. Mbuzi akija, mfukuze. Na usizitazame tazame tungule."

Hilo la mwisho nadhani alilisema kwa mzaha tu. Mimi nikaligeuza debe, nikakaa nimeipa miche mgongo, nikawa nalinda kwa masikio. Nikisikia kwato, nilijifunika uso kwa mkono mmoja na kupiga fimbo kwa mwingine. Mara nyingi nilipiga ukuta. Siku moja nilichungulia baina ya vidole, kidogo tu, na nikaona jambo la ajabu. Mbuzi hakuwa anakula majani. Kichwa amekiinamisha chini ya mche, analamba udongo, analamba kwa utulivu kabisa, kama mtu anayekula halua. Siku ya pili vile vile, na siku ya tatu. Sikumwambia mtu. Ningesemaje, bila ya kukiri kwamba niliangalia?

Mama akajifungua asubuhi ya Jumatatu. Mtoto wa kiume tena. Bi Raya ndiye aliyemshika, na vigelegele vyake vilisikika pwani. Waliniita, "Njoo umwone ndugu yako!" Niliingia nimetazama chini. Niliuona mkeka, nikaona ncha za vidole vya Mama, nikaona kona ya kanga aliyofungwa mtoto. Nikageuza uso ukutani, nikasema nimemwona, nikatoka.

Siku sita nilifanya hivyo hivyo. Mama akiniomba kitu, nilikichukua na kumpa nikiangalia paa. Akimnyonyesha, nilitoka. Mtoto akilia, nilikimbilia uani kusubiri kusikia kama ataendelea kulia, kwa sababu akilia yu hai. Nilikuwa nikiisikia sauti yake na kuipenda sana, jamani. Nilimpenda yule mtoto kwa masikio yangu tu.

Siku ya saba ndiyo ya akika na ya kupewa jina. Ami Khalfan alichinja, wanawake wakajaa chumbani, wa Sib upande huu na wa kwetu waliotoka Unguja upande ule, harufu ya udi na kahawa na halua. Mwanamke mmoja akasema, "Dada mtu yuko wapi? Aje ampakate nduguye." Wakanishika mkono, wakanivuta katikati, wakamleta mtoto mbele yangu. Nikafumba macho. Nikanyakua mkono wangu, nikapita juu ya vikombe vya watu, nikakimbia.

Nilikimbilia kwenye debe langu. Nilikaa pale nimeupa ulimwengu wote mgongo. Baada ya muda nikasikia hatua za Bibi, na mkufu wa fedha aliouazima kwa Bi Raya kwa ajili ya siku ile.

"Una nini wewe?" aliniuliza. "Mama ako analia ndani. Anaona humtaki nduguyo."

"Nnamtaka."

"Basi twende ukampakate."

"Siwezi. Nikimwangalia atakufa."

Bibi akaja mbele ya debe. Kisha akasema polepole, "Nani kakwambia maneno hayo?"

"Wewe."

Nikaendelea, kwa sababu nilikuwa nimekwisha anza na yote yalitaka kutoka. Nikamwambia nilimsikia siku ile jikoni. Nikamwambia yule mtoto wa mwanzo nilimwita mzuri na sikusema mashaallah. Nikamwambia na dhambi yangu ya mwisho, kwamba nimeziangalia tungule mara tatu, baina ya vidole, na ndiyo maana dawa zake zote hazikufaa kitu. "Lakini mbuzi hajala majani, Bibi. Wallahi sikumwacha ale. Analamba udongo tu."

"Analamba nini?"

Nikageuka kumwonesha: mbuzi mwenyewe, hana haya, alikuwa amefika. Alipita mche wa kwanza, hakuugusa. Akainama kwenye shina la wa pili, akaanza kulamba. Bibi akamwangalia. Aliangalia muda mrefu kuliko mbuzi anavyostahili kuangaliwa. Kisha Bibi yangu, amevaa nguo yake ya sikukuu na mkufu wa watu, akapiga magoti, akaufinya udongo juu juu, pale palipokuwa na ukungu mweupe ambao sote tuliudhani ni majivu, akautia kwenye ulimi.

Uso wake ulivyokuwa, siwezi kuueleza vizuri. Alitema. Akaonja wa mche uliofuata. Akatema. Akaonja wa tatu, na safari hii alibaki na ule udongo mdomoni, amekaa chini, ametazama mbele.

"Kamwite Bi Raya," akasema.

Bi Raya alikuja na halua mkononi. Alionja, akaruka, akapiga kelele "Milh! Milh!", chumvi, chumvi, akacheka mpaka akajishika kiuno. Halafu akaiona ndoo ya maji ya samaki, akaonja na hayo kwa ncha ya kidole, na kicheko kikakatika. Akamweleza Bibi kwa Kiarabu, polepole, kama anavyoelezwa mtoto, na mimi niliyekuwa nimekwisha kukishika Kiarabu cha Sib nilielewa yote. Alisema samaki ni mbolea nzuri, hata wao huzika dagaa wakavu chini ya mitende. Lakini wao hawawatii chumvi, na kila baada ya siku chache huyajaza maji majaruba mpaka yafurike. Ardhi hii ya kwenu, alisema, mnaitia chumvi kila jioni, jua linakunywa maji na kuwaachia chumvi. Mvua ya kuiosha mtaipata wapi hapa?

Bibi alisikiliza yote bila ya kumkata. Kisha akasema kwa Kiswahili, si kwa Bi Raya wala kwangu, "Unguja mvua ilikuwa ikinioshea. Miaka arubaini wakinisifu mimi."

Akanigeukia, akanishika mashavu kwa mikono yenye udongo. "Nisikilize. Yule mtoto wa mwanzo alizaliwa na homa. Hata kunyonya hakunyonya, tangu saa ya kwanza. Sisi wakubwa sote tulijua hatokaa. Wewe ulipomwangalia, alikuwa keshaondoka huyo, anapumua tu. Umesikia?"

Nilisikia. Nadhani nililia kwa sauti, kwa sababu mbuzi alikimbia.

Hapo jambo lingeweza kuishia, uani, baina yetu na Bi Raya. Mtu mwingine angelimalizia hapo. Bibi alinishika mkono, akaniingiza chumbani, magoti yake yana matope na midomo ina udongo, mbele ya wanawake wote. Akasema kwa Kiswahili kwanza:

"Tungule zangu nimeziua mwenyewe. Kwa mkono wangu na kwa chumvi yangu, kwa ujinga. Mtoto huyu hana jicho. Mimi ndiye niliyesema ana jicho, na nimemsingizia."

Kisha akayarudia yote kwa Kiarabu. Kwa Kiarabu chake kile kile cha kuchekwa sokoni. Maneno mengine aliyakosea, na mwanamke mmoja wa Sib akainua shela yake mdomoni. Bibi akamwona. Alisimama, akavuta pumzi, akaendelea mpaka mwisho.

Halafu akamchukua mtoto kwa Mama, akamleta mbele ya uso wangu, nami nimefumba macho tena. "Mwangalie. Muda wote unaotaka."

Nikafumbua macho.

Niwaambie ukweli. Baada ya siku saba za kumpenda kwa masikio, nilikuwa nimejitengenezea mtoto wa namna nyingine kabisa kichwani. Huyu alikuwa mwekundu, ana mikunjo kama mzee wa miaka tisini, kichwa kimechongoka, sikio moja limejikunja, na wanja aliopakwa umemtapakaa mpaka puani. Nikamwangalia hivi, nikamwangalia vile, nikasema kwa mshangao wa dhati, "Mbona mbaya hivi?"

Chumba kizima kilipasuka kwa kicheko. Wanawake wa Sib waliokuwa hawajui Kiswahili walitafsiriwa, wakacheka zamu yao. Kumbe, na hili sikulijua, hakuna neno zuri zaidi la kumwambia mtoto mchanga mbele za watu, maana wanaoogopa jicho humwita mtoto mbaya makusudi, ili asihusudiwe. Waliona nina adabu kuliko wakubwa wengi. Mama alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, akanivuta kwake kwa mkono wake mmoja, na mimi na mtoto tukalala pamoja juu ya kifua chake. Nilimwangalia mpaka nikachoka. Alipiga chafya, akaendelea kuishi.

Tungule tuliziponya, si zote. Tulikwangua udongo wa juu na kwenda kuutupa mbali. Ami Khalfan alitufungulia maji ya kisima chake, siku tatu mfululizo, tukayaacha yafurike na kuzama, yafurike na kuzama, tena na tena, Bi Raya amesimama pembeni akituamrisha kama askari. Bibi alionja udongo kila asubuhi. Mara ya mwisho aliutema bila ya kukunja uso, akasema, "Sasa huu udongo." Miche saba ilikuwa imekwisha kufa. Minne ikatoa majani mapya, na maua, na maua hayakudondoka. Ndugu yangu alipotimiza miezi mitatu, tulichuma tungule ya kwanza, nyekundu, nikaigeuza chini nikaikuta safi, haina doa. Tuliikata vipande vinne, kimoja cha Bi Raya. Tukaila hivyo hivyo. Siku ile hakuna aliyethubutu kuuliza chumvi iko wapi.

Miaka mingi nilidhani kwamba Bibi aliacha kuamini jicho kuanzia siku ile. Ndivyo mtoto anavyofikiri: mtu mzima amesema mbele za watu, basi imekwisha. Nilipokuwa mkubwa ndipo nilipoangalia vizuri. Bibi hakuacha. Aliamini jicho mpaka siku yake ya mwisho. Aliwafunga wajukuu zake hirizi, alipitisha ubani mlangoni kila Alhamisi, na mwanamke akisifu kitu nyumbani kwetu bila ya mashaallah, Bibi alimkumbusha kabla hajafunga mdomo. Chumvi ilieleza tungule. Haikumweleza dunia nzima. Na mtu anayeamini hivyo hawezi kuwa na yakini, hata mara moja, kwamba mjukuu wake si mmoja wa wale wenye jicho.

Ndiyo maana sasa nayaelewa yale aliyoyafanya baada ya pale. Kwetu walizaliwa watoto wengi, wangu mimi, wa ndugu yangu yule mbaya, wa binamu zangu, na hata wajukuu wetu wawili aliojaaliwa kuwaona. Kila mara, kabla ya kuitwa shangazi, kabla ya kuitwa mama mkwe, Bibi alimtuma mtu anitafute popote nilipo. Alimchukua yule mtoto mchanga kwa mikono yake mwenyewe, akamfunua uso, akaniambia, "Mwangalie wewe kwanza."